Kura Moja ya Ukumbi wa Noonan

Shamba la Tuckett,
Barabara ya Noonan,
Gurrabin,
Australia Magharibi.
11 Oktoba 1988

Mpendwa Bronwyn,

Nakusalimu mwanangu, na ngano iliyo nje ya dirisha langu inakusalimu pia, maana mwaka huu imekubali kweli. U hali gani? Baridi ya Aberdeen imekuachia masikio? Sisi huku tu wazima. Goti langu linalalamika, lakini lilianza kulalamika kabla hujazaliwa, kwa hiyo hatulisikilizi tena. Baba yako Keith hajambo, ila tangu Jumamosi amekuwa mpole kupita kiasi. Sababu utaijua humu humu.

Pole tena kwa msiba. Najua ilikuuma kushindwa kuja kumzika baba yako mkubwa Clem. Usijilaumu hata kidogo. Yeye mwenyewe angekwambia nauli hiyo ununulie koti zito.

Sasa habari yenyewe ni kwamba jimbo letu la uchaguzi limekufa. Wakubwa wa Perth wamechora mipaka upya, wakatukata vipande viwili kama mkate: kipande kimoja wamepewa watu wa pwani, kingine watu wa machimbo. Lakini kabla kaburi halijafukiwa, mbunge wetu akaugua na kujiuzulu, ikabidi tupige kura mara moja ya mwisho ili apatikane mtu wa kukalia kile kiti miezi michache. Basi Jumamosi tukaenda ukumbini, tukachoma soseji zetu na vitunguu kama kawaida.

Unaukumbuka ule ubao wa herufi za dhahabu juu ya piano? Tangu jimbo liundwe, kila uchaguzi umeongezewa mstari wa matokeo ya ukumbi wetu. Chama cha Wakulima, kura arobaini na kitu. Chama cha Wafanyakazi, kura moja. Teremka mstari, moja. Teremka tena, moja. Kabla Clem hajafikisha umri wa kupiga kura, hapo palikuwa na sifuri tupu.

Kura ni siri, sheria inasema hivyo, lakini nani angeweza kumfundisha Clem siri? Alikuwa akitoka kwenye kibanda cha kadibodi anapaza sauti: "Wanachama wote wa tawi letu wamekwisha kupiga kura, mnaweza kufunga!" Ujanani alikata manyoya ya kondoo kwenye mabanda ya matajiri, yeye na wenzake wakalazwa chini na kulishwa nyama yenye funza, na Wafanyakazi ndio waliowapigania. Hata alipopata shamba lake mwenyewe hakusahau. Baba yako naye, mwenyekiti wa Wakulima tangu enzi, alikuwa akimngoja mlangoni na kile kikaratasi cha kuonyesha namna ya kupiga kura. "Chukua, kaka, huenda mwaka huu akili imekurudia." Clem anakipokea kwa adabu zote, anafungia soseji yake.

Mwaka ule Wafanyakazi walipokosa mgombea, wakabaki Wakulima wawili wakigombania kiti, Clem aliandika jina la mbwa wake kwenye karatasi. Ubaoni pameandikwa: "Iliyoharibika, moja." Alijivunia mstari huo kuliko yote.

Wiki moja kabla ya uchaguzi nilikwenda kwa wifi yangu Doreen kusaidia kuoka keki za kuuza ukumbini. Tangu Julai alipomzika mumewe sikuwahi kumwona akitoa chozi, na nilikuwa nimeanza kuogopa. Tulikuwa tunachovya keki kwenye chokoleti na kuzigaragaza kwenye nazi, mara akasimama.

"Merle, ule mstari wa mwisho utakuwa na sifuri."

"Mstari gani, wifi?"

"Wa ubaoni. Nguo zake nimezigawa, sikulia. Buti nimempa Keith, sikulia. Lakini hiyo sifuri sijui nitaitazama kwa macho gani. Itakuwa kama hakuwahi kuingia mle ukumbini."

Nikachovya keki moja mara tatu bila kujijua.

Lakini njiani kurudi nilikuwa nimekwisha kuamua. Mimi, Merle Tuckett, ambaye marehemu baba angefufuka anichape! Jumamosi nikaingia kibandani, nikaangalia huku na huku, nikaweka namba moja mbele ya jina la mgombea wa Wafanyakazi, mwalimu mmoja kijana wa mjini ambaye hakuthubutu hata kuja kutuomba kura. Nikatoka nimekunja uso, nikajiona mjanja wa dunia.

Siku zote milango ikifungwa watu hukimbilia kulisha mbwa, wanangoja matokeo kwa simu. Safari hii hakuna aliyeondoka. Eunice Pratley wa posta, ambaye ndiye msimamizi wetu, akamwaga karatasi mezani, akaanza kuzitenga mafungu. Ya Wakulima, ya Wakulima, halafu ya Wafanyakazi. Nikashusha pumzi. Ikafuata nyingine ya Wafanyakazi. Nikakunja paji. Ikaja nyingine, na nyingine. Eunice akavua miwani, akaifuta, akasema, "Hebu nianze upya."

Akaanza upya, na hesabu ikawa ile ile. Wafanyakazi ishirini na tisa, Wakulima kumi na nne.

Ungewaona, Bronwyn! Watu wanatazamana kama kuku waliofungiwa pamoja na mbweha. Ndipo mzee Stan Gillam, yule anayemfukuza shambani kila mtu wa Wafanyakazi, akapasuka: "Jamani, mimi nilidhani ni mimi peke yangu!"

Nakwambia paa lilitaka kung'oka kwa kicheko. Nikamgeukia baba yako, yuko na furushi zima la vikaratasi vya Wakulima mkononi, anakagua buti zake.

"Keith?"

"Usiniulize, dada. Kura ni siri."

Kiti walikichukua Wakulima hata hivyo, kumbi nyingine ziliwaokoa. Gazeti la mjini jana limeandika kwamba wakulima wa Noonan wameonyesha hasira yao juu ya bei ya mbolea. Wacha waamini hivyo.

Doreen alikuwa ameketi karibu na piano, anacheka mpaka anajishika mbavu. "Wapumbavu nyie! Mmemharibia. Yeye raha yake ilikuwa kuwa peke yake!"

Nikamwinamia sikioni. "Na wewe wifi, moja katika zile ni yako, au siyo?"

"Yangu? Mimi nimewapa Wakulima, kama siku zote."

Nikavuta kiti, nikaketi kando yake.

"Merle, miaka yote tumekuja hapa kwa gari moja. Yeye anapiga yake, mimi napiga ya kuifuta, tunarudi nyumbani tunacheka. Leo ningemwachaje bila mtu wa kumfuta?"

Na hapo ndipo alipolia, mwanangu. Alilia yote ya tangu Julai, nimemkumbatia, na ukumbi mzima ukageukia kukunja viti.

Baba yako, mama yako Valda, Stan na Doreen mwenyewe wanakusalimu sana. Mungu akulinde huko ugenini, akupe afya na watu wa kukucheka kwa upendo.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye bila kupungua,

Merle