Majembe Kumi na Tisa

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na hilo ndilo la kwanza linaloniudhi, maana tangu nijue kusema sijawahi kukusalimu ukaninyamazia. Hii ni wiki ya tano tangu tukuzike. Mama hajambo, ila chakula chake ni kumega mara mbili na kusukuma sahani. Mimi nimekaa kwenye meza yako, naandika kwa ile kalamu ya zambarau uliyokuwa ukiilamba ncha mpaka midomo inabadilika rangi. Nimejaribu kuandika kwa utulivu, nimeshindwa. Kila anayekuja kutupa pole ananiambia, "Raheli, hasira hasara." Hasara gani tena, Baba? Imebaki ipi?

Nikupe habari kwanza, kama ulivyopenda, za makanisa yetu yote manne kwa zamu. Segese wamepata kengele. Ni kipande cha reli walichopewa na watu wa mgodi, wamekitundika kwenye mti, na mwenye kukigonga anakigonga kama ana ugomvi nacho. Kina mama wa kule wanatafuta mtu wa kuwafundisha kusoma, siku mbili kwa wiki, bila malipo, ila chakula watapika wao. Wale wa njia ya Kahama wamemaliza kisima. Hapa kwetu mgodini tumewapokea Wanyasa wengine watatu, wamekuja na cheti cha kanisa la kwenu, na mmoja ana sauti nzito ya kuimba kama uliyokuwa nayo wewe. Nilipomsikia Jumapili ile nilitoka nje.

Na kanisa la Katoro halina paa mpaka leo.

Unakumbuka ulivyoianzisha ile desturi? Ulikuwa ukisimama baada ya mahubiri, unasema, "Sikieni ya wenzenu," unasoma barua ya habari, kisha unauliza nani atakwenda kusaidia. Mikono ilikuwa inainuka mpaka mtu unaona fahari. Jumatatu mikono hiyo hiyo iko kwenye mashamba yake. Ndipo ukachoka, ukasema kuanzia sasa hatutaki mkono, tunataka jembe. Anayejitolea alete jembe lake Jumapili, aliegemeze kwenye ukuta wa kanisa, lilale pale. Jembe likilala kanisani mwenyewe hatalima kwake kesho yake, atalifuata na kwenda nalo alikoahidi. Watu walicheka, lakini ilifanya kazi miaka mingapi? Kisima cha Kahama kilichimbwa hivyo. Shamba la mjane wa fundi Simeoni lililimwa hivyo kila masika.

Jumapili ile ulisoma kwamba Katoro wamesimamisha kuta na miti ya paa, nyasi zimekatwa, wanaomba watu wa siku nne. Ulivua miwani kabla ya kusoma, kwa sababu ulikuwa umeikariri barua yote, nami nilijua unajivuna kidogo. Yakawekwa majembe kumi na tisa. Uliyahesabu kwa kidole, ukapanda baiskeli mchana ule ule ili uwatangulie ukapange kazi. Ulisema, "Kesho jioni tuonane huko." Hata chakula hukumaliza.

Usiku mvua ikanyesha, ya kwanza. Wewe ulizaliwa Nyasa lakini umekaa Usukumani zaidi ya nusu ya maisha yako, unajua mvua ya kwanza inavyowafanya watu hapa. Alfajiri ilikuwa "Mbula! Mbula!" kila boma, kuku na watoto na ng'ombe wote nje. Pamba haingoji.

Yaliyofuata nimeyapata kwa mwinjilisti Elisha wa Katoro, yule mwenye mguu mbovu. Alikuja msibani na fimbo yake, akanieleza yote, nami namshukuru kwa kutonificha. Jumatatu ulikaa kwenye gogo ukitazama njia. Jumanne asubuhi ukasema tena, "Watakuja. Majembe ni kumi na tisa, niliyahesabu mwenyewe." Mawingu yalikuwa yanarudi, na kuta za tope mbichi zisizo na paa zingeyeyuka. Kina mama walikuwepo wa kukurushia nyasi. Elisha akakuambia ungoje. Ukapanda.

Wewe pia nina hasira nawe, acha niseme! Nani alikutuma? Umri ule, magoti yale, boriti imelowa, ngazi imeshikwa na mtu mwenye mguu mmoja wa kusimamia! Wahenga waliposema mtegemea cha nduguye hufa maskini, walikuwa wanakusema wewe, ila wewe hukufa maskini tu, ulikufa kwa kuanguka chali kwenye tope la kanisa la watu. Ungetelemka ukarudi nyumbani ukawatukana wote, hata mbele ya madhabahu, ningekubebea maji ya kunywa ukitukana.

Aliyekubeba ni nani, unajua? Mzee Juma wa chumvi. Alikuwa anapita na baiskeli yake ya biashara. Mwislamu, hajawahi kuingia kanisani kwetu, hakuweka jembe wala sindano. Aliacha mzigo wake barabarani, akakata miti ya machela, akashika upande wa kichwa akisaidiana na watu wa njiani mpaka ukakata roho mikononi mwao kabla hamjafika hospitali. Nilipotaka kumshukuru akasema, "Mama, usinishukuru kwa hilo." Nikalia pale pale sokoni.

Sasa sikia walichofanya wazee. Baada ya matanga na maombi yote, Mzee Petro, karani wa baraza la wazee, aliniita. Akasema barua ya habari isikatike, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nakunakilia, niinakili na hii. Akanipa karatasi. Imeandikwa: "Mzee wetu mpendwa ameitwa na Bwana akiwa kazini, katikati ya ndugu zake."

Katikati ya ndugu zake!

Baba, nilipokuwa msichana niliandika katika barua moja kwamba harusi ya Segese "watu wote walifurahi." Ulinirudishia karatasi. Ukauliza, "Uliwaona wote?" Ukanifanya niiandike upya nakala zote nne, na mkono uliniuma mpaka jioni. Nilikuchukia siku ile. Sasa huyu mtu anataka niandike kwa mkono ule ule kwamba ulikuwa na ndugu kumi na tisa juu ya paa.

Nilinakili. Nakala tatu nikampa Mzee Juma azipeleke Segese, Kahama na Katoro, maana sasa ndiye anayezibeba, kwa hiari yake, kila apitapo. Ya nne nikampa Mzee Petro Jumapili mlangoni. Unamjua, huwa hasomi kabla, hujisifu kwamba macho yake hayahitaji mazoezi. Akasimama mahali pako, akaanza kwa ile sauti yake ya mazishi. Akasoma kengele. Akasoma kisima. Akasoma: "Mzee wetu alikufa kwa kuanguka kutoka kwenye paa la Katoro. Alikuwa peke yake juu. Majembe kumi na tisa yaliwekwa hapa Jumapili, na hakwenda mtu hata mmoja. Wenye majembe ni hawa." Akaendelea kusoma, maana mtu aliyezoea kusoma hajui kusimama. Akasoma jina la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilikuwa Petro.

Akakunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, akasema, "Tuombe."

Nikasimama. Unajua mwanamke hasemi wakati ule. Nikasema, "Bado, Mzee. Majina hayajaisha." Nikayataja yote kwa kichwa, kwa sauti, nikiwatazama. Wengine walitazama chini, mmoja akatoka, na mama mkwe wangu akanivuta kanga niketi, nisikosane na watu. Sikukaa.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika. Kwa sababu hii nimekuandikia.

Jina la kumi na tisa ni Masanja, mume wangu. Mkweo. Uliona jembe lake pale ukafurahi, nilikuona. Alfajiri ile ya mvua aliamka akafunga kamba na panga kwenye mfuko, akasema anakwenda kuchukua jembe lake aende Katoro. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia, shamba letu liko tayari, mbegu ziko tayari, mtoto mgonjwa, baba yangu ana watu wa kutosha. Akasema, "Lakini jembe limelala kule." Nikamwambia nitalifuata mimi, akae ajifanye hajui. Nikajifunika kanga nikaenda.

Ukutani kulikuwa kumebaki majembe sita. Nikasema moyoni, tazama, kumi na watatu wamekwishakwenda, mmoja hawezi kuharibu kazi. Nikalichukua la Masanja. Nimekuja kujua baadaye kwamba wote waliokwenda pale alfajiri walisema maneno hayo hayo, kila mmoja akiona pengo la mwenzake na kudhani amekwenda Katoro. Petro naye. Tulikuwa tukiangalia ukuta ule ule na kujidanganya kwa namna ile ile. Tulipanda pamba siku hiyo, Baba. Imeota vizuri, siwezi kuitazama.

Hayo niliyasema kanisani. Nilisema, "Wa kumi na tisa ni mume wangu, na jembe lake nililichukua mimi, binti yake." Masanja aliinamisha kichwa, kisha akainuka akasimama kando yangu. Ndipo tukaomba.

Baraza limekaa. Wamenikataza kuandika barua ya habari mpaka nitubu kwa kumdharau mzee. Nimetubu yangu mbele ya watu wote, hiyo nyingine sina. Lakini zile nakala tatu zimekwisha kusomwa, na Mzee Juma anasema Segese walilia, na Elisha aliisoma mara mbili.

Jumatatu tunakwenda Katoro, Masanja na mimi. Tumeshasema, hatukuweka chochote ukutani, tumesema tu kwa midomo na tutakwenda. Kama hatakuja mtu mwingine, tutafanya wawili kwa siku nane badala ya nne. Palizi ya pamba ikipita, ipite. Yule Mnyasa mwenye sauti yako ameniuliza njia ya Katoro, sikumjibu vizuri, nilikuwa na hasira bado. Nitakwenda kumwomba radhi kesho.

Mama anakusalimu. Analala upande wako wa kitanda.

Sasa nakuaga, Baba. Watu wote wananiambia umekwisha kunisamehe, kwamba huko uliko hakuna kinyongo. Mimi sitaki. Nakuomba kwa heshima, kwa kuwa ni mara yangu ya mwisho kukuomba kitu: usinisamehe upesi. Ningoje kwanza niezeke.

Mwanao,
Raheli