Kitufe cha Kushoto

Jumatatu, 6 Oktoba
Ng'ombe wamekamuliwa, maziwa yameenda, nikapanda trekta. Marobota ya majani ya ngano bado yamelala shambani na mawingu yameanza kukaa juu ya Mau. Mgongo wangu umebeba vya kutosha. Wiki hii nanunua loda ya mbele ya trekta, mikono ya chuma ya kuinulia mizigo, na makucha yake ya kubana marobota. Nina furaha mpaka naona aibu.

Baba Chebet, mume wangu, hata hakuuliza. Tangu mashine ya kukata nyasi imkate kidole gumba cha mkono wa kulia na kile kinachofuata, mwaka jana, hajagusa ufunguo wa trekta. Unaning'inia kwenye msumari jikoni. Ni mimi tu naushusha.

Jumatano, 8 Oktoba
Nakuru. Njoroge, muuzaji, ana aina mbili za kuongozea loda. Leva mbili za kizamani, moja ya kuinua, nyingine ya kupindua. Au fimbo moja inayofanya yote, na kitufe juu yake cha kufunga na kufungua makucha. Nikajaribu fimbo. Kuisukuma kidogo tu, mikono ya chuma ikapanda! Nikabonyeza, makucha yakabana. Nilicheka kwa sauti mbele ya watu.

“Mathe, hii ndio mambo. Wote wanachukua hii.” Njoroge huita kila mama mathe.

Nusura nikubali. Kisha nikaangalia kidole kilichokuwa juu ya kitufe. Gumba. La kulia. Nikamwambia nitarudi. Nimekuwa na hasira njia nzima na sijui ni za nani.

Alhamisi, 9 Oktoba
Niseme ukweli. Naitaka ile ya kitufe. Mwaka mzima dereva ni mimi, na kazi hii nimeipenda. Nikichukua inayomfaa yeye, huenda nikajinyang'anya kiti mwenyewe. Nikichukua yangu, nitakuwa nimemwambia bila kufungua mdomo kwamba hatarudi.

Nimemwomba Baba Chebet twende wote akaone. “Chagua yako. Mimi ni wa nini?” Akageukia ukuta.

Ijumaa, 10 Oktoba
Leo nilirudi kwa Njoroge na kitambaa. Nikafunga gumba na kidole kinachofuata, vikalala kwenye kiganja, nikapanda. Njoroge alidhani nimeumia.

Leva mbili: zinawezekana, ila kiganja kinahangaika huku na huku, na makucha bado yanataka leva ya tatu. Fimbo moja: kiganja kinaisukuma vizuri kabisa! Ubaya ni kitufe tu. Nikauliza, lazima kikae hapo? Njoroge akakuna kichwa. Kumbe ni waya tu! Unaupeleka unakotaka. Na wakati wa kubana robota trekta imesimama, mkono wa kushoto hauna kazi. Basi kiwekwe kushoto, karibu na usukani. Kichwani mwa fimbo niwekewe tufe kubwa.

“Kwani dereva ni nani, mathe?”

“Ni sisi wawili.”

Nimeimba mpaka nyumbani Njoro. Sauti yangu mbaya, lakini nani ananisikia.

Jumanne, 14 Oktoba
Loda imefungwa! Njoroge amejaza oili, amekagua mipira yote inayoipitisha, akaenda. Robota la kwanza nimeliangusha. La pili likapanda juu kabisa.

Baba Chebet alitazama kutoka mlango wa zizi. Akasogea. “Na hiyo switch, mbona iko kushoto?”

“Ndiko nilikotaka.”

Akaangalia mkono wake. Akaingia ndani, chai hakumaliza. Labda nimemwaibisha. Nimeumia moyoni. Na mvua iko karibu.

Jumatano, 15 Oktoba
Asubuhi ufunguo haukuwa kwenye msumari.

Nikasikia injini. Sikukimbia. Nilimaliza kukamua kwanza, ingawa ng'ombe alijua akili yangu haipo. Mstari wa kwanza wa marobota Baba Chebet ameupanga ovyo. Wa pili umenyooka. Nikaomba zamu yangu.

“Ngoja kidogo, Mama Chebet. Huoni nafanya kazi?”

Tumegombana mpaka mchana, kama zamani. Mvua imenyesha jioni, majani yako ndani. Yeye amelala mapema, anakoroma. Ufunguo nimeuweka chini ya mto wangu.