Dirisha la Tatu Lisipigwe Misumari

KAMATI YA UKUMBI WA ZAMANI WA CHUO KIKUU
Jumamosi, 14 Juni, ndani ya Ukumbi wa Zamani

Waliohudhuria: Mhadhiri wa Historia (Mwenyekiti), Mkutubi mstaafu, Fundi wa Majengo, Rais wa Wanafunzi, mwanafunzi wa kidato cha tatu kutoka shule jirani (Katibu).
Hakuhudhuria: Msajili, bila taarifa, kama kawaida.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa nne asubuhi, baada ya njiwa kutoka.

KUMB. NA. 2/6: HISTORIA YA DIRISHA
Mwenyekiti alieleza kwamba chuo kilianza na ukumbi huu mmoja. Waliokosa nafasi walisikiliza wakiwa nje ya dirisha la tatu. Tangu hapo hufunguliwa kila asubuhi na mwanafunzi wa chuo aliyewahi kusikiliza nje kabla ya kujiunga.

Mkutubi aliongeza kwamba alasiri sauti ya mhadhiri ilitoka pamoja na vumbi la chaki, vikaelea juu ya majani mpaka mtu asijue kipi ni kipi. Fundi aliomba warudi kwenye ajenda.

KUMB. NA. 3/6: OMBI LA KULIFUNGA
Fundi alieleza kwamba mfunguaji wa mwisho amehitimu na hakuna mwingine. Kwa kuwa kiyoyozi kinawekwa, dirisha lipigwe misumari. "Siwezi kupoza mtaa mzima," alisema.

Mkutubi alijibu, "Mwanangu, hata chai yako inakushinda kupoza." Mwenyekiti aliomba wajumbe waheshimiane.

Rais wa Wanafunzi alisema dirisha lilipofungwa kwa majaribio, mhadhiri wa hisabati, aliyezoea kufundisha akilitazama, aliacha hesabu katikati akauliza nani amefariki.

Mwenyekiti aliuliza kama bado kuna anayesikiliza nje. Katibu aliomba ruhusa, akaeleza kwamba yeye husimama pale kila Jumatano baada ya masomo, na anatarajia kujiunga na chuo akifaulu.

"Na ukifeli?" aliuliza Fundi.

"Nitarudia, baba. Kusimama nimeshazoea."

KUMB. NA. 4/6: AZIMIO
Ilikubaliwa dirisha libaki wazi usiku na mchana mpaka mfunguaji mpya aingie chuoni.

Fundi aliuliza, "Na mvua?"

Mkutubi alijibu, "Nayo isome."

Fundi hakupinga tena. Alisema ataweka kijipaa nje ya dirisha. Alimwomba Katibu asimame, akampima urefu kwa futi yake, kisha akaongeza kidogo, akisema mtoto bado anakua.

Wajumbe walitawanyika saa tano na nusu, dirisha likiwa wazi.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: ....................