Mkufu wa Mama Kwenye Sinia

Jumatatu, 6 Januari
Nimefagia uani. Nimechambua mchele. Kidato cha nne kimeisha, matokeo bado.

Alasiri wanawake wa ukoo walikuja kumchangia dhahabu dada Zuwena, binti wa Shangazi, anayeolewa wiki ijayo. Kwetu kila mmoja hutoa kipande kibovu, hereni iliyobaki moja au pete iliyopinda, na sonara huviyeyusha vyote kuwa mkufu wa bibi harusi. Sinia likanifikia. Wote wakanitazama. Sikuwa na kitu ila mkufu wa Mama uliokatika, nilioufunga kwenye pindo la kanga tangu alipofariki. Nikauweka.

Vigelegele. "Mkono wazi kama marehemu mama yake!" alisema Bi Mgeni, jirani yetu.

Nikatabasamu. Mjinga mimi.

Jumatano, 8 Januari
Nautaka. Lakini kuomba kitu cha sinia kirudi ni kumtakia bibi harusi nuksi. Sonara anayeyusha Jumamosi.

Nimefungua kamusi ya Kiingereza ya shule kujipoza. Neno chain lilitoka Kilatini, likapita kwa Wafaransa, likafika kwa Waingereza, sisi tukalipokea likiwa cheni. Lina maana nyingi: ya baiskeli, safu ya milima, hata kipimo cha wapima ardhi. Waarabu wana silsila, ambayo kwetu ni mfuatano wa wazazi. Mnyororo ni neno la misafara ya watumwa iliyopita hapa kwetu, na marehemu Babu hakupenda litajwe mbele ya watoto. Mama alisema mkufu tu.

Hakuna kamusi yenye neno la kitu ulichokitoa mwenyewe na bado unakilia.

Alhamisi, 9 Januari
Nilikwenda kwa sonara. Shikamoo. Marahaba, umetumwa na shangazi yako? Nikasema hapana, napita tu.

"Basi pita, binti, unanizibia mwanga."

Mafundi wakacheka. Mkufu niliuona kwenye kopo la bati, juu kabisa. Ningeweza kuugusa. Nimerudi kwa njia ndefu ya Kitete ili nilie.

Jumamosi, 11 Januari
Nimemwambia dada Zuwena. Alikuwa anasukwa, nusu ya kichwa bado. "Wewe! Siku zote hizi umenyamaza? Vaa viatu!" Akajifunga mtandio, tukaenda mbio.

Moto ulikuwa umeshazimwa. Tone moja la dhahabu, kubwa kidogo kuliko punje ya harage. Zuri. "Sasa nikutolee ipi, mwanangu?" sonara alisema kwa upole.

Dada Zuwena alitaka nichukue lote. Nilikataa. Mara hii haikuwa aibu. Ndani yake mna dhahabu za watu wote.

Jumapili, 19 Januari
Dada Zuwena amekwenda Nzega kwa mumewe. Mkufu nilimfunga mimi, kabla hajapanda gari. Laini, mpya. Hakuna kipande nilichokitambua.

Nyumba kimya. Tulichambua mchicha uani, mimi na Shangazi. Akauliza mbona sili siku hizi. Nikamwambia. Niliutaka mkufu wa Mama.

Akamaliza fungu lililokuwa mkononi. Kisha akasema Mama akienda sokoni aliuficha ndani ya gauni, wezi wasiuone, halafu akifika kwa muuza vitambaa anautoa nje, aonekane mtu mwenye uwezo. Shangazi akacheka peke yake.

Sikulijua hilo. Nikamwomba aniambie jingine.

Akaniambia jingine.