Ng'ombe wa Saning'o na Blanketi la Chuo

Shule ya Wasichana, Kilosa
4 Oktoba 1953

Babu Lupakisyo,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua ya vumbi. Mgongo wa Bibi unaendeleaje?

Babu, nimechaguliwa chuo cha ualimu! Sista Hildegarda ametueleza: nafasi unaipata kwa mtihani, ada ni jambo jingine. Mzee mwenye uwezo anamlipia mtoto wake. Asiye na uwezo, Baraza la wilaya linalipa. Kwa kuwa Baba alishafariki, mzee wangu ni wewe. Tutapewa tikiti ya treni, chakula, sare na blanketi. Ukimaliza, unafundisha miaka mitatu popote watakapokupeleka.

Karani wa Baraza atakuja kukuuliza una mali gani. Mwambie kweli tupu.

Mjukuu wako,
Anastazia

Kambi ya mkonge, Rudewa
19 Oktoba 1953

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Sisi wazima. Mgongo wa bibi yako unauma akitakiwa kuteka maji tu; kwenye ngoma haumsumbui. Anasema hongera, na umwachie mume wake.

Sasa nisikilize. Tikiti ya bure, chakula cha bure, blanketi la bure, halafu kazi popote watakapokupeleka? Maneno hayo nayajua kuliko sala. Mwaka 1927 alikuja kwetu Rungwe mwandikishaji wa manamba wa mashamba ya mkonge, mdomo asali tupu. Akatupa blanketi, fulana na nauli. "Mkataba mfupi tu, kisha mtarudi kwa mama zenu." Kumbe siku ukiugua, kipande chako cha siku za kazi hakiandikwi, na mkataba unarefuka. Blanketi lile lilichanika likaisha, mimi bado nipo hapa nakata mkonge. Mama yangu alikufa akiniulizia.

Karani amekuja juzi, kaptura imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Kuuliza kwake! Una mbuzi? Una bati? Nikajua huyu anapima kamba ya kukufungia. Nikamwambia, "Msaada wenu wapelekeeni wenye shida." Nikamwonyesha ng'ombe waliokuwa wakinywa maji mtoni, nikasema wote wangu. Ni wa Saning'o, yule mfugaji jirani, lakini ng'ombe hawakubisha. Karani akaniamkia mara ya pili!

Umeshakuwa huru. Usinishukuru.

Babu yako

Kilosa
2 Novemba 1953

Babu,

Shikamoo. Afya sikuulizi; mwenye ng'ombe wengi hivyo hawezi kuumwa.

Baraza limeniondoa kwenye msaada. Nafasi yangu ipo mpaka mwisho wa mwezi huu. Ada isipoonekana anaichukua Filomena, aliyenifuata kwenye mtihani. Umenifungua kamba gani, Babu? Nisipokwenda chuo nitarudi hapo kambini kuanika singa za mkonge mpaka nizeeke. Huo si mkataba?

Mjukuu wako (mke hapana),
Anastazia

Rudewa
27 Novemba 1953

Anastazia,

Nimengoja barua yako nyingine, sikuiona. Bibi yako naye alininunia, nikala ugali mkavu. Mgongo wake mzima kabisa siku hizi, maana hasira imeunyoosha.

Nilikwenda Kilosa na Saning'o, alipokuwa anapeleka ng'ombe mnadani. Tulipofika Baraza nikaingia. Karani ni yule yule.

"Bwana karani, nilikudanganya. Sina hata kuku."

Akacheka. "Mzee, kila anayesikia habari ya ada anageuka maskini. Ng'ombe wako niliwaona kwa macho yangu."

"Wapo nje. Waulize wenyewe."

Akatoka. "Haya, waite tuone."

Nikawaita kwa Kiswahili, kwa Kinyakyusa, hata kwa jina la Bwana. Hakuna aliyegeuza shingo. Kisha Saning'o akapiga mluzi mmoja. Kundi zima likaja mbio, likapita juu ya maua ya Baraza, na fahali mmoja akamlamba karani kaptura.

"Basi! Basi! Mzee, huna kitu!"

Akaandika mbele ya watu wote. Sasa mimi ni maskini wa kuthibitishwa na serikali. Bibi yako anasema yeye angewaeleza bila ng'ombe.

Msaada umerudi. Nenda. Lakini bado siwaamini. Ukifika, kabla hujajifunika, waulize: mwanafunzi akiugua, mkataba unarefuka? Na hilo blanketi, mwisho wake nini?

Babu yako

Chuoni
2 Februari 1954

Mume wangu,

Shikamoo. Nimefika salama, ila baridi ya huku! Salamu kwa mke mwenzangu.

Nimeuliza, darasa zima likacheka mpaka mwalimu akagonga meza. Ukiugua unatibiwa; muda hauongezwi. Miaka mitatu ya kufundisha ni mitatu. Nimeomba Rudewa, hawajanijibu. Na blanketi si la kwangu, Babu. Siku ya kumaliza nalirudisha, nikilipoteza nalilipa. Najua utasema uliniambia.

Mke wako mdogo,
Anastazia

Rudewa
20 Februari 1954

Mke wangu,

Marahaba. Tu wazima, na mboga nimerudishiwa.

Barua yako nimeirudia mpaka bibi yako ameniuliza ina nini. Mke wangu, blanketi langu hawakulidai hata siku moja. Nilidhani ni ukarimu. Kumbe asiyekudai blanketi hana mpango wa kukuona ukiondoka. La kwako wanalidai, basi siku yako ya kutoka wameshaifikiria. Lifue. Likichanika, lishone. Siku hiyo uwakabidhi mkononi, kisha upande treni.

Na hiyo Rudewa uliyoomba, wakichelewa kukujibu niambie. Saning'o bado ana ng'ombe, na maua ya Baraza nasikia yameota tena.

Babu yako