Nyumba ya Baba Kule Bondeni

Carlow, Texas
Februari 9, 1986

Mdogo wangu Royce,

Hujambo huko kwenye mvua za Oregon? Mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri. Ng'ombe wamekonda lakini wanasimama.

Barua yako kuhusu yule mtu wa Dallas anayetaka kununua shamba nimeisoma. Sitaki kuuza. Najua nusu ni yako, na najua yeye hataki nusu.

Unasema kaunti hii imekwisha. Kweli bei ya mafuta imeanguka, na kila wiki naona gari limebeba magodoro likielekea mashariki. Lakini shule iko wazi na hospitali inawaka taa. Vyote hivyo vilijengwa na mafuta. Nyasi zetu zisingejenga hata choo. Na waliobaki ni watu. Chema Luján, aliyekuwa akitunza visima vya mafuta vilivyo kwenye malisho yetu, alipunguzwa kazini Januari, na bado anapita kutazama kama pampu zinavuja. Nikamuuliza, "Nani anakulipa?" Akasema, "Hakuna, mama. Ila ng'ombe wako wanakunywa hapo karibu."

Dada yako,
Oleta

Eugene, Oregon
Februari 20

Dada Oleta, shikamoo.

Sisi wazima, wifi yako Jeanine anakusalimu. Goti lako lipeleke kwa daktari, usilipake dawa ya farasi.

Huyo Chema ataondoka kama wenzake. Watu wa mafuta ni wageni wa bei: ikipanda wanakuja, ikishuka hawafungi hata geti. Umri umekwenda, Dada, na uko peke yako. Mnunuzi atasubiri hadi mwisho wa Aprili. Fikiri.

Mdogo wako,
Royce

Carlow
Machi 23

Royce,

Salamu. Mimi ni mzima, na nikueleze kwa nini.

Jumanne mchana waya wa umeme ulianguka kwenye nyasi kavu upande wa magharibi. Upepo unaujua. Nilikuwa nawatoa ng'ombe nikaona maboza ya maji yanakuja kwa msururu, na madereva wote ni wale waliopoteza kazi. Mbele yao Chema, juu ya greda la kaunti.

"Una ruhusa ya kuliendesha hilo?" nikamuuliza.

"Nitaomba kesho. Uzio nikate wapi?"

Akakwangua nyasi zote kati ya moto na matangi ya mafuta yaliyo kando ya mji. Matangi yale yangeshika, mji wote ungekwenda. Jioni upepo ukageuka kusini, kwenye ile nyumba ya magurudumu ya akina Luján. Mkewe Delfina na watoto walikuwa wameshapelekwa shuleni. Mtu akaja kumwambia Chema kwamba nyumba yake inashika moto. Chema akatazama upande ule mara moja, akatazama matangi, akaendelea kukwangua.

Mji umepona. Nyumba yao imebaki vyuma. Walikula mayai jikoni kwangu. Delfina akasema, "Mama Oleta, usitutazame hivyo, tutalia."

Nyumba ya Baba kule bondeni imekaa tupu tangu tumzike, na iko kwenye nusu yako. Nataka akina Luján waishi humo. Sisemi wajishikize tu; nasema waishi. Basi shamba haliuziki tena. Najua ninachokuomba.

Dada yako,
Oleta

Carlow
Aprili 20

Royce, hamjambo nyumbani? Mimi sijambo.

Hujanijibu. Akina Luján wanalala sebuleni kwangu na hawajui kama nilikuandikia. Kama ni hapana, andika hapana, lakini andika.

Oleta

Eugene
Aprili 29

Dada, shikamoo. Sisi wazima.

Niliandika barua tatu za kukataa. Kila moja Jeanine aliisoma, akairudisha mezani bila kusema kitu. Wewe unamjua akinyamaza.

Mtu wa Dallas nimempigia simu jana. Amekasirika, lakini atapona.

Mwambie Chema mlango wa jikoni kwa Baba hukwama mvua ikinyesha, na huko mvua ni adimu, kwa hiyo hautamsumbua sana. Watoto wapewe chumba cha mashariki, kilichokuwa changu. Alfajiri ukifungua pazia unaziona pampu zinainama na kuinuka mpaka macho yanapokomea. Nilikuwa nalala kitandani nikizitazama hadi Mama aniite. Huku dirishani kuna miti tu, mizuri, na sioni mbali.

Mdogo wako,
Royce