Udongo wa Kwenye Makabichi

Jumatatu, 3 Machi
Nimepalilia makabichi. Mlima huu mzima hakuna mzee mwenye makabichi kama yangu. Waseme wao. Mpwa wangu Yustina, mwalimu wa chuo kule mjini, kapanda na kompyuta, kasha zima. Anasema mteremko wa nyuma ya nyumba yangu utaporomoka masika haya, nihame. Nikamwambia hiyo programu yake ya kupima mlima aiweke hapahapa mezani kwangu, nione. Chakula nisichoona kikipikwa sili.

Jumanne, 4 Machi
Imegoma. Ndani ya kasha kuna kadi yenye feni, inahesabu punje zote za udongo kwa mpigo mmoja. Ila programu na kadi hazielewani. Kafuta, kaweka, kafuta tena. Nikamuuliza, "Mlima utakusubiri?"
"Mjomba, kunywa chai yako."
Nimefurahi. Sifichi.

Jumatano, 5 Machi
Imekubali. Feni inaunguruma kama mashine ya kusaga. Tumejaribu kwa mahindi. Mimi nimemwaga yangu sakafuni, yeye kamwaga ya kwenye kioo. Malundo mawili, mlalo mmoja. Sikupenda. Sasa anataka udongo wa mteremko, aulowanishe, aumwage vilevile, mashine ijue tabia yake. Nimesema nitauleta mwenyewe. Mlima ni wangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeleta udongo wa kwenye makabichi. Ndiyo. Ule nimeulisha samadi miaka na miaka, unashikana kama ugali. Mashine ikasema mlima hautikisiki. Nimechinja jogoo. Nyumba nimejenga kwa mikono yangu, hanitoi mtu wala feni.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Dada yangu Agatha, mama yake Yustina, kaja na godoro. Kwake kunavuja. Ardhi hii ni ya mama yetu, na kwetu Waluguru ardhi inafuata mama. Siwezi kumfukuza. "Mashine imesema pako salama, kaka. Nipe chumba cha nyuma." Cha nyuma ndicho kilichoegemea mteremko. Nimekataa. Akacheka, "Uchoyo wa uzeeni huo!" Kaingia, katandika. Mvua imeanza.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepanda mteremko na jembe. Udongo wa kule juu unachuruzika vidoleni kama uji. Nimeuweka mezani.
"Huu ndio wenyewe. Ule ulikuwa wa makabichi."
"Mjomba!"
"Usinipigie kelele. Washa."
Kwenye kioo mlima ukashuka. Chumba cha nyuma kikafunikwa kwanza. Yustina kazima. Mimi sikushindwa na mashine. Nahama kwa ajili ya Agatha. Feni isijisifu.

Jumapili, 9 Machi
Misa sikwenda. Nimeng'oa mabati, moja moja. Tutajenga ng'ambo ya kijito, palipo tambarare. Yustina kataka kunishikia ngazi, nimemkataza. Agatha kakaa chini juu ya godoro lake, ananyoosha misumari iliyopinda.